Retina Inapokosa Oksijeni: Barua za Wasomaji na Majibu

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Mombasa, Likoni mpaka Bamburi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini mishipa ya damu inaota ndani ya jicho mahali isipotakiwa, na ifanyweje. Magonjwa yanayotajwa ni mbalimbali, chanzo ni kimoja. Ndiyo sababu jibu la barua ya kwanza ni refu. Hata aliyeuliza kuhusu mtoto njiti au selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu, tunamwomba alisome hilo kwanza.

SWALI: Nina kisukari, mwaka wa 12 huu. Daktari amenipima macho akasema retina yangu inakosa oksijeni, ndiyo maana imeota mishipa mipya. Mimi sina pumu, na nilipopimwa kidoleni nilipata 98. Oksijeni inakosekana vipi? Na kama mishipa imeota, si ndiyo damu itazidi kufika? — Mzee, Majengo

JIBU: Mzee wetu, kipimo cha kidoleni hakikukosea. Hiyo 98 maana yake damu inayotoka mapafuni imebeba oksijeni ya kutosha. Haikwambii damu hiyo imefika wapi. Sisi wa Mombasa tunalijua jambo hili kwa maji: tangi la juu linaweza kuwa limejaa na mfereji wako ukawa mkavu, kwa kuwa bomba jembamba la mwisho uchochoroni limeziba.

Retina ni utando ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea picha. Unene wake ni kama robo ya milimita, lakini ukilinganisha uzito kwa uzito, ni tishu chache sana mwilini zinazokula oksijeni kama yenyewe. Hulishwa kwa njia mbili. Tabaka za ndani hupata damu kwa kapilari, vimishipa vyembamba kuliko unywele. Tabaka za nje, zenye chembe zinazopokea mwanga, hutegemea koroidi, zulia la mishipa lililotandikwa nyuma ya retina. Kisukari hushambulia zile kapilari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, chembe zinazozikumbatia kapilari na kuzipa nguvu hufa, kuta zake hunenepa, chembe nyeupe za damu hunasa ndani, na mwishowe njia hufunga. Kipande cha retina kilichokuwa kikilishwa hapo hubaki hai, lakini kina njaa. Kuvuta oksijeni ya mtungi hakufungui kapilari iliyoziba, kwa hiyo hiyo si tiba.

Chembe yenye njaa hupiga ukelele. Kila chembe mwilini hutengeneza muda wote protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya huitia HIF alama, protini nyingine iitwayo VHL huiona alama ile, na HIF huvunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi. HIF hurundikana, huingia katika kiini cha chembe na kuwasha jeni kadhaa, na kati ya hizo mojawapo hutengeneza protini iitwayo VEGF. Kazi ya VEGF ni kuita mishipa iote kuelekea kwenye njaa. Kwa kugundua jinsi chembe zinavyohisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2019. Madaktari wa macho walikuwa wameshuku mapema: Isaac Michaelson alisema mwaka 1948 kwamba retina yenye njaa lazima inatoa kitu kinachosambaa na kuamsha mishipa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipima majimaji ya ndani ya macho ya wagonjwa, wakakuta VEGF nyingi katika macho yaliyokuwa yakiota mishipa.

Swali lako la pili ndilo zito. Mishipa huota kweli, ila haifiki. Badala ya kupenya ndani ya kipande chenye njaa, huchomoza juu ya uso wa retina na kutambaa kwenye ute mzito unaojaza jicho. Kuta zake ni dhaifu, na VEGF yenyewe huzilegeza zikavuja. Turudi kwenye maji: mtaa ukikaukiwa, kila nyumba huvuta mpira wake kutoka kwa jirani, uchochoro ukajaa mipira inayochuruzika kila kiungo, na madumu yakabaki matupu. Ute wa jicho ukijivuta kidogo tu, mshipa hukatika na damu humwagika ndani. Mgonjwa huona nyuzi nyeusi kama utando wa buibui, au moshi, au pazia zito. Baadaye mishipa hiyo hufanya kovu, kovu hujikunja, na likijikunja huibandua retina kutoka mahali pake.

Yote hayo huendelea bila maumivu, na mara nyingi bila kupunguza uwezo wa kuona, mpaka siku damu inapomwagika. Kwa hiyo tarehe ya kupimwa isipangwe na dalili. Mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe macho mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya 1 aanze ndani ya miaka 5. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe katika miezi 3 ya kwanza, kwa kuwa mimba huweza kuharakisha ugonjwa. Wewe ambaye mishipa imeshaota, mwaka ni mbali mno. Unahitaji tiba na miadi ya karibu. Na kipimo chenyewe ni kutazamwa retina baada ya mboni kupanuliwa kwa matone. Kusoma herufi ukutani hakuonyeshi lolote kuhusu kapilari.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa ghafla, tuseme kipimo cha sukari ya miezi 3 kitoke 12% hadi 7% kwa muda mfupi baada ya kuanza insulini, hali ya retina inaweza kuwa mbaya zaidi kwa kitambo kabla ya kutulia. Hiyo si sababu ya kukataa insulini, kwani baada ya miaka michache anayedhibiti sukari hupata faida kubwa. Ni sababu ya kupimwa macho kabla ya kuanza, na kurudi kupimwa kila baada ya miezi michache mwaka ule wa kwanza. Presha nayo ishushwe, maana kapilari iliyodhoofika haihimili msukumo.

SWALI: Mama yangu ameambiwa achomwe leza jicho la kulia, alama zaidi ya elfu moja. Ndugu wanasema tutampofusha. Kuichoma retina kunaiokoaje? — Binti, Likoni

JIBU: Dada, wasiwasi wa ndugu zako una msingi, kwa sababu leza hii kweli huua sehemu ya retina, na huuawa kwa makusudi. Chembe zinazopokea mwanga ndizo walaji wakubwa wa oksijeni, na usiku hula zaidi kuliko mchana. Leza ikipunguza chembe hizo pembezoni, mambo mawili hutokea. Oksijeni ya koroidi ambayo ingeliwa hapo hupenya hadi tabaka za ndani zilizokuwa na njaa. Na kwa kuwa njaa imepungua, VEGF hupungua, mishipa mipya ikanywea. Katikati ya retina, panapotumika kusomea na kutambua sura za watu, hapaguswi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 1976 ulionyesha kwamba leza ya namna hii hupunguza hatari ya upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Kawaida hupigwa alama 1,200 hadi 1,600, kila moja ikiwa na upana wa kama nusu milimita, zikitawanywa kwa nafasi. Mashine mpya zinazopiga kwa mpangilio wa haraka huacha alama ndogo, hivyo huhitaji nyingi zaidi. Kazi hiyo hugawanywa kwa vikao 2 hadi 4. Wakimwambia mama arudi kwa kikao cha pili, arudi. Leza ya nusu ni kama nyavu iliyotupwa nusu.

Siku yenyewe huenda hivi. Hutiwa matone ya kupanua mboni, husubiri nusu saa hivi, hutiwa matone ya ganzi. Huweka kidevu kwenye kiegemeo, paji la uso likigusa ukanda, na lenzi yenye jeli huwekwa juu ya jicho ili lisifumbe. Halafu ni vimulimuli vya mwanga mkali, mfululizo. Ganzi ya matone haifiki nyuma, kwa hiyo baadhi ya alama huuma, hasa zinazopigwa upande wa kulia na wa kushoto kabisa, ambako neva ndefu za jicho hupita. Akisikia maumivu aseme kwa mdomo, asikirupushe kichwa. Kichwa kikiruka wakati leza inapiga, alama inaweza kuangukia katikati ya retina, na kidonda hicho hakifutiki. Panadoli saa moja kabla husaidia, na akiumia sana daktari anaweza kumpiga sindano ya ganzi pembeni ya jicho.

Baada yake ataona giza au rangi ya waridi kwa dakika kadhaa. Mboni hubaki imepanuka saa 4 hadi 6, mwanga wa jua utamchoma, na hatua za ngazi hatazipima vizuri. Asivuke feri peke yake siku hiyo. Ule mteremko wa kupandia si mahali pa mtu asiyeona vizuri. Apate miwani ya jua na mtu wa kumshika mkono.

Kuna gharama za kudumu, na mama azijue kabla ya kukubali: uoni wa gizani hupungua, upana wa pembeni hupungua, na katikati ya retina huweza kuvimba kwa wiki chache. Lakini leza haimrudishii alichokwisha kukipoteza, wala haifanywi kwa ajili hiyo. Inafanywa ili kile alichobaki nacho kisichukuliwe.

SWALI: Nimeandikiwa sindano ya ndani ya jicho. Nilipoisoma dawa kwenye simu nikaona ni ya saratani ya utumbo. Je, nina saratani? Na kwa nini wanasema nitarudi kila mwezi? — Msomaji, Mikindani

JIBU: Hapana, huna saratani kwa sababu ya kuandikiwa dawa hii. Uvimbe wa saratani nao huita mishipa kwa VEGF, na dawa ya bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, huikamata VEGF hiyo. Mwaka uliofuata madaktari wakaanza kuitumia jichoni. Kipimo cha jicho ni miligramu 1.25 katika mililita 0.05, kiasi cha tone moja. Mgonjwa wa saratani mwenye kilo 60 hupewa miligramu 300 au zaidi kwa mara moja, mara 240 ya hiyo yako. Utafiti uliotoka mwaka 2011 kuhusu ugonjwa wa retina unaoletwa na uzee ulikuta inafanya kazi sawa na ranibizumab, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa jicho na yenye bei kubwa zaidi, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kinachowaogopesha watu ni sindano yenyewe, kwa hiyo tuieleze kwa karibu. Utalala chali. Baada ya matone ya ganzi, kope na jicho huoshwa kwa ayodini ya povidoni ya 5%, ambayo huachwa ikae kabla ya sindano. Hatua hii isirukwe, maana ndiyo inayoua vijidudu vya kwenye kope. Kifaa kidogo hushikilia kope zisifumbe. Daktari hupima kwa rula ya chuma milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa duara jeusi, katika weupe wa jicho, kwa kuwa mbele ya hapo kuna lenzi na nyuma ya hapo kuna retina. Sindano ni nyembamba sana, geji 30. Utasikia msukumo mfupi, sekunde chache, basi. Usizungumze wala kukohoa wakati huo, na aliyeinama juu yako avae barakoa. Vijidudu vya mdomoni ndivyo vibaya zaidi vikiingia jichoni. Mwisho ataonyesha vidole uvihesabu.

Jioni hiyo jicho litawasha kama lina mchanga, kwa sababu ya ayodini. Baka jekundu kwenye weupe huisha kwa wiki moja au mbili. Viputo vyeusi vya duara vinavyoelea ni hewa, huondoka kwa siku moja au mbili. Usilifikiche. Siku hiyo na inayofuata jicho lisirushiwe maji, hivyo anayetawadha alifumbe vizuri, na kuogelea baharini kungoje hadi daktari akuruhusu. Kinachotisha ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, mwanga kuuma na uoni kufifia, hasa kati ya siku ya pili na ya tano. Hayo ni maambukizi ya ndani ya jicho. Ni nadra, takriban sindano moja katika elfu mbili au tatu, lakini yakitokea ni suala la saa. Usingoje kliniki ya Jumatatu, nenda usiku uleule.

Ukiambiwa ununue dawa mwenyewe na kuileta, kumbuka joto la Mombasa. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo ibebwe katika kijisanduku cha baridi chenye pakiti ya barafu, na kitambaa katikati ili isigusane na barafu ikaganda. Ikiwa chupa moja imegawanywa katika sindano nyingi, mgawanyo huo ufanywe mahali safi kwa kazi hiyo, si juu ya meza ya kliniki. Milipuko ya maambukizi mahali pengi imetokana na hapo. Una haki ya kuuliza. Na daktari ajue kama una mimba, au umepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni.

Kuhusu kurudi: dawa huizoa VEGF iliyopo, lakini retina bado ina njaa na inaendelea kuitengeneza. Baada ya wiki 4 hivi nguvu yake imepungua. Kwa hiyo mwanzo ni kila mwezi, kisha nafasi huongezwa kadiri jicho linavyotulia. Hapa tuna maoni yetu, na tunayatoa wazi. Kwa mwenye mishipa mipya ya kisukari, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa sindano peke yake zinaweza kulingana na leza. Lakini washiriki wale walifuatiliwa kwa makini. Mgonjwa anayetegemea sindano tu kisha akapotea miezi kadhaa, mishipa humrudia kwa nguvu, na hali yake huwa mbaya kuliko ya aliyepigwa leza kisha akapotea. Kama nauli, kazi au safari za bara zinaweza kukukatiza miadi, mwambie daktari kweli, naye akupigie leza kama nanga. Pia, penye kovu kubwa tayari, sindano huweza kulifanya lijikunje haraka na kuivuta retina; jicho la namna hiyo hupangiwa upasuaji siku chache tu baada ya sindano.

SWALI: Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,200, akawekewa oksijeni. Sasa ana wiki 3. Wamesema apimwe macho. Mmoja ananiambia oksijeni nyingi ndiyo mbaya, mwingine anasema oksijeni kidogo. Nani mkweli? — Mama, Kisauni

JIBU: Mama, wote wawili, kwa zamu. Mishipa ya retina huanza kuota mimba ikiwa na wiki kama 16, ikitokea katikati kuelekea pembezoni, na hufika ukingoni karibu na wiki ya 40. Mwanao alizaliwa njia ikiwa katikati. Tumboni mtoto huishi na oksijeni kidogo kuliko sisi, na upungufu huo wa kiasi ndio unaovuta mishipa mbele. Alipotoka akapewa oksijeni ya ziada, retina ikashiba kupita kiasi, VEGF ikashuka, mishipa ikasimama. Hiyo ni zamu ya kwanza. Zamu ya pili huja wiki kadhaa baadaye: retina imekua, inataka chakula, lakini pembezoni hapana mishipa. Njaa inaanza, VEGF inapanda ghafla, na mishipa inaota ovyo kwenye mpaka.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1942, na mwaka 1951 Kate Campbell wa Australia akauhusisha na oksijeni iliyokuwa ikitolewa bila kipimo. Oksijeni haikuwa kosa kwa mwanao. Bila hiyo asingeishi. Kinachotakiwa ni kuipima. Kwa mtoto njiti aliye kwenye oksijeni, lengo linalotumika sana ni 90 hadi 95 kwenye kipimo cha mguuni. Ikisoma 100 huku mashine inatoa oksijeni, watu wazima hufurahi, lakini kwa njiti ni ishara ya kupunguza. Mama aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuitazama namba hiyo na kumwita muuguzi.

Kipimo cha kwanza hufanywa wiki 4 baada ya kuzaliwa au mimba ingekuwa na wiki 31, tarehe itakayokuja baadaye. Kwa mwanao ni wiki ijayo, atakapokuwa sawa na wiki 33. Asinyonye saa moja kabla, ili asitapike. Atatiwa matone, kope zitashikwa, atalia. Apewe maji ya sukari kidogo mdomoni kama wauguzi watakavyoelekeza, kisha umrudishe kifuani ngozi kwa ngozi. Baada ya hapo hurudi kila wiki moja au mbili mpaka mishipa ifike ukingoni. Watoto wengi hupona bila tiba. Wanaohitaji tiba hupigwa leza pembezoni pasipo na mishipa, au sindano ndogo kuliko ya mtu mzima, na hufanywa ndani ya saa 48 hadi 72 tangu kugunduliwa. Macho hupotea pale mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani, ananenepa, anacheza, na familia inaona hana shida. Jicho hilo kwa nje litaonekana zima kabisa. Usitoke wodini bila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

SWALI: Nina selimundu, umri wangu miaka 19, naona vizuri. Kuna haja ya kupimwa macho? — Kijana, Bamburi

JIBU: Ipo, kila mwaka, na ingefaa uwe umeanza ukiwa na miaka 10 hivi. Chembe zilizojikunja huziba vimishipa vya pembezoni kabisa mwa retina, mbali na pale unapotazamia, ndiyo maana huoni tofauti. Kwenye mpaka kati ya sehemu yenye damu na isiyo na damu huota mishipa iliyotanda bapa; ukiwahi kuona chini ya maji tumbawe lenye umbo la upepeo wa kupepelea mkaa, ndilo umbo lake. Baadhi hujifia yenyewe na huangaliwa tu, mingine huvuja damu na hupigwa leza.

Ukipigwa jichoni, kwa mpira au kiwiko, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme kwanza kabisa kwamba una selimundu. Damu ikituama mbele ya jicho, chembe zako huziba mfereji wa kutolea maji, presha ya jicho hupanda, na neva yako huivumilia kidogo sana kuliko ya mtu mwingine. Asetazolamaidi, kidonge kinachotumika sana kushusha presha hiyo, huweza kuzifanya chembe zijikunje zaidi. Daktari lazima ajue kabla ya kukuandikia.

SWALI: Baba ana presha ya mwili. Miezi mitatu iliyopita aliamka jicho moja lina ukungu, akaambiwa vena ya retina imeziba. Hakurudi. Sasa jicho ni jekundu, linauma hadi kichwani, anatapika. Tumempa matone ya dukani. — Mwana, Changamwe

JIBU: Mpelekeni leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Vena kuu ikiziba, retina nzima huingia njaa, na VEGF huelea hadi mbele. Mishipa huota juu ya duara la rangi na kuziba pembe ambako maji ya jicho hutokea. Presha ya kawaida ya jicho ni 10 hadi 21. Hapa huweza kupita 50. Zamani waliuita ugonjwa wa siku 100, kwa kuwa huja karibu na muda huo baada ya vena kuziba. Hospitalini watashusha presha kwa matone na vidonge, watapiga sindano ya kuizuia VEGF, kisha leza ili njaa yenyewe ipungue. Pembe ikishafungwa kwa kovu huhitajika upasuaji. Matone ya dukani acheni, lakini chupa yake mwende nayo. Mengi yana steroidi, ambayo huweza kuipandisha presha ya jicho zaidi. Jicho la pili nalo lipimwe, na presha ya mwili ianze kutibiwa upya.

SWALI: Nimefanyiwa upasuaji wa retina iliyobanduliwa na kovu la kisukari. Wameweka gesi ndani ya jicho. Wiki ijayo nina arusi Nairobi. Ndege nimekatazwa, je, nipande treni? — Bibi, Tudor

JIBU: Bibi, hata treni hapana, wala basi. Gesi ile inaishikilia retina mahali pake. Mombasa tupo usawa wa bahari. Nairobi ni kama mita 1,795 juu, na mgandamizo wa hewa kule ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Gesi hutaka kutanuka kwa karibu robo, lakini jicho halitanuki. Presha hupanda, damu ya kwenye retina inaweza kusimama, na uoni uliopiganiwa ukapotea njiani, pengine Voi au mbele yake. Gesi ya SF6 hukaa kama wiki 2, ile ya C3F8 wiki 6 hadi 8; uliza umewekewa ipi. Utaiona mwenyewe kama mstari wa maji unaocheza jichoni, ukishuka siku hadi siku mpaka kiwe kiputo kidogo chini, kisha kipotee. Usisafiri mpaka daktari athibitishe imekwisha. Ukihitaji kupasuliwa au kung'olewa jino kabla ya hapo, mwambie mtoa ganzi una gesi jichoni ili asitumie gesi ya ganzi iitwayo naitrasi oksaidi, na kile kibangili cha mkononi walichokuvisha usikivue.